Fimbo inateleza, mipira inachafuka, mpira unakataa kukatwa: ni chaki au ni kitu kingine?

Kila anayecheza pool ameshaona hii. Mtu anainama, anapiga, fimbo inatoa ule mlio mkavu, mpira mweupe unaenda kusikojulikana, halafu jamaa anaiokota chaki na kuikodolea macho. Kesho yake anaulizia chaki ya bei kubwa. Mimi chaki za bei kubwa sina ugomvi nazo, nazitumia na nazipenda, ila kabla hujatoa hela ni vizuri ujue tatizo lako linatoka wapi, maana chaki inalaumiwa kwa mambo mengi ambayo haihusiki, na kuna mengine inahusika kabisa lakini watu hawaangalii huko.

Nianze na hili ili tuelewane. Tofauti kubwa kati ya chaki na chaki siyo spini, yani ule mzunguko unaoupa mpira ukipiga nje ya katikati. Ukipaka vizuri, chaki ya kawaida kabisa itakupa spini karibu sawa na ile ya gharama. Dave Alciatore, aliyekuwa profesa wa uhandisi mitambo Chuo Kikuu cha Colorado State huko Marekani, amezipima chaki za kampuni tofauti na hilo ndilo alilolikuta. Tofauti ya kweli iko sehemu mbili: chaki inakaa kwenye tipu, ile ngozi ya kwenye ncha ya fimbo, kwa mipigo mingapi kabla hujapaka tena, na inaacha uchafu kiasi gani kwenye mipira na kitambaa cha meza. Basi. Sasa ukiwa unateleza na tatizo lako halimo kwenye hayo mawili, unaweza kubadilisha chaki mpaka uchoke na bado utateleza.

Kwanza, chaki inafanya kazi gani

Tipu ya ngozi ikigusa mpira zinakaa pamoja kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, halafu zinaachana. Hapo katikati huna la kurekebisha, kila kitu kilishaamuliwa kabla. Mpira ni laini na unateleza, ngozi peke yake haina mshiko wa kutosha, kwa hiyo chaki inaweka punje ngumu ndogondogo kati ya ngozi na mpira ili visiteleze ukipiga nje ya katikati.

Punje zenyewe ni silika na korandamu, vitu vya jamii ya msasa. Mchanganyiko huo uliingia na William Spinks, aliyekuwa mchezaji wa biliadi wa kulipwa, na mkemia William Hoskins wa Chicago, hataza yao ni ya tarehe 9 Machi 1897. Nayataja haya kwa sababu moja: chaki ya ubaoni haina kazi hapa. Ile ni laini, kawaida yake ni jasi, na ukiipaka kwenye tipu unaweka unga wa kutelezesha. Nimeona watu wakiitumia pale chaki ya meza ilipoisha halafu wanashangaa. Bora upige katikati bila kitu kuliko kupaka hiyo.

Na hata chaki nzuri ina mwisho wake. Mpira wa pool una kipenyo cha milimita 57.15. Ukitoka katikati ya mpira mpaka nusu ya njia kuelekea ukingoni, yani kama milimita 14 hivi, hapo ndo mwisho. Ukigusa nje ya hapo utateleza hata kama chaki yako imetoka mbinguni. Shika huu mpaka maana tutaurudia.

Unateleza ukipiga chini au pembeni

Hii ndo dalili ya kawaida kuliko zote, na ndo watu wanakosea zaidi kuitafutia sababu. Mara nyingi sana chaki ni nzima, ila umepiga nje ya huo mpaka niliousema, na wewe unaamini kabisa ulipiga ndani.

Jipime hivi. Chukua mpira wa mistari, ule wenye mkanda wa rangi, uutumie badala ya mweupe. Uweke mkanda ulale, uwe kama upeo wa macho ukiutazama kutoka nyuma ya fimbo. Kwenye mipira mingi ukingo wa ule mkanda unaangukia karibu kabisa na hiyo nusu ya njia, kwa hiyo una ramani tayari. Paka chaki vizuri, piga mpira wa kurudisha nyuma kama unavyopiga siku zote, simamisha mpira, angalia alama ya chaki imekaa wapi. Alama ikiwa ndani ya mkanda na hukuteleza, sawa. Alama ikiwa imetoka chini ya mkanda na umeteleza, chaki haina kesi, ni mkono. Kwa spini ya pembeni simamisha mkanda wima ufanye vilevile.

Watu wengi wakifanya hili wanashtuka, maana walidhani wanapiga nusu mkanda kumbe wako ukingoni kila mara. Na wapo wa upande mwingine, wanadhani wanapiga chini sana kumbe alama iko karibu na katikati, ndo maana mpira wao haurudi, halafu wanasema chaki haina spini.

Kuna kitu hapa kinachanganya macho. Tipu ni ya duara, kwa hiyo ukilenga chini au pembeni, sehemu inayogusa mpira siyo katikati ya fimbo, ni bega la tipu, na fimbo yenyewe inaonekana iko nje zaidi ya pale inapogusa. Usiamini unachokiona ukiwa umeinama, amini alama kwenye mpira.

Sasa kama alama iko ndani ya mkanda, tena ndani vizuri, na bado unateleza, hapo ndo tunaingia kwenye tipu na chaki. Endelea kusoma.

Kuna na mdogo wake huyu: ukijaribu kurudisha mpira, mweupe unaruka juu kidogo na haurudi. Hapo umeingia chini mno mpaka tipu imeuchota mpira kwa chini, na kwa kawaida ni kwa sababu umeinua mkono wa nyuma halafu ukashusha ncha. Laza fimbo iwe karibu sawa na meza, shusha mkono wa mbele badala ya kuinua wa nyuma. Kwa chaki hapo hakuna cha kubadilisha.

Unateleza hata ukipiga karibu na katikati

Hili ni zito zaidi kwa sababu mkono siyo wa kwanza kushukiwa. Geuza fimbo utazame tipu kwenye mwanga.

Kama inang'aa, kama ngozi ya kiatu kilichopigwa dawa, chaki haina pa kushika. Ngozi imebanwa na mipigo mpaka matundu yake yamefungika. Chukua msasa mdogo au kile kifaa cha kuchomachoma tipu, ikwaruze taratibu mpaka mng'ao uishe na ngozi ionekane ina vinyweleo, halafu paka chaki. Usisugue kama unapunguza mbao, tipu siyo nene kiasi hicho. Ukiona unalazimika kufanya hivi kila baada ya muda mfupi, tipu imeshakuwa ngumu na inataka kubadilishwa, hakuna chaki ya kuiokoa.

Kama haing'ai ila iko bapa, umbo limekufa. Tipu inatakiwa iwe na mviringo, na watu wa pool wanapimia sarafu za Kimarekani, ile ya senti 5 au ile ndogo zaidi ya senti 10. Ikiwa bapa, ukipiga nje kidogo ya katikati unagusa kwa ukingo, na ukingo mara nyingi ndo hauna chaki kabisa. Hii inawapata sana wanaotumia fimbo za ukumbini ambazo kila mtu anapigia na hakuna anayezitengeneza.

Kama iko vizuri kwa macho, pigapiga kidogo kwa kucha. Tipu iliyoshika vizuri inatoa sauti ngumu na kavu. Iliyoachia gundi inatoa sauti ya uwazi. Zungusha fimbo uangalie pale ngozi inapokutana na feruli, ile pete nyeupe, kama kuna ufa mwembamba au chaki imeingia kwenye mstari. Hapo kila mpigo tipu inacheza kidogo na wewe huoni.

Na usisahau poda. Wanaopaka poda mikononi fimbo ipite laini, ile poda inapanda mpaka kwenye tipu bila wao kujua, hasa wakishika ncha kwa vidole wakati wa kupaka chaki. Poda ni kilainishi. Mafuta ya mkono nayo hivyohivyo. Futa tipu kwa kitambaa kikavu, ikwaruze kidogo, paka upya.

Kwa mpigo wa kuvunja, ule wa kufungua mchezo, fimbo nyingi za kazi hiyo zina tipu ngumu sana, nyingine siyo ngozi kabisa ni plastiki ngumu, na hizo hazishiki chaki kama ngozi laini. Hapo paka kila mara na piga katikati. Anayevunja kwa nguvu zote huku anatafuta spini ya pembeni kwa tipu ya namna hiyo ajue anacheza pata potea.

Chaki haishiki kwenye tipu, unapaka halafu bado unaona ngozi

Kama umeshaondoa mng'ao na bado chaki inapita juu juu, angalia chaki yenyewe. Chaki zikikaa kwenye unyevu uso wake unajifunga, unakuwa wa kuteleza na mgumu kwa pamoja, ukipitisha kidole kinatoka na rangi kidogo tu. Hiyo ikwaruze kwa msasa au kwa kisu mpaka unga mkavu utokee. Iweke sehemu kavu, ila siyo juani wala karibu na moto, maana chaki iliyokaukiana kupita kiasi inapukutika vipande.

Halafu namna ya kupaka, jamani. Hapa ndo roho inaniuma nikiangalia watu wanavyocheza. Mtu anaingiza tipu kwenye chaki, anazungusha kama anatoboa ukuta, krrr krrr, anatoa, anapiga. Matokeo yake chaki inakuwa na shimo refu katikati, kingo za shimo zinasugua feruli mpaka inakuwa bluu na kuchimbika, na ile juu ya tipu, katikati kabisa, chaki haifiki vizuri maana imepita kwenye kuta za shimo. Mpigo unaofuata anateleza, anaongeza kutoboa.

Paka kwa kupitisha, kama mtu anayepaka rangi ya kucha. Laza chaki kwa mshazari, ipitishe kwenye tipu kwa mikupuo mifupi huku unazungusha fimbo kidogokidogo kwa mkono mwingine, hakikisha mabega ya tipu yamepata, kisha angalia. Angalia kabisa kwa macho, geuza tipu uitazame. Ukiona duara ya ngozi haina rangi mahali, rudia hapo tu. Sekunde tatu zinatosha. Ile safu iwe nyembamba na imeenea yote, siyo kilima cha unga katikati. Unga uliozidi hausaidii mshiko, unaruka tu kama moshi ukipiga na kuangukia kitambaa. Ukiona moshi kila mpigo, unapaka sana.

Ukimaliza kupiga, kabla ya kupaka tena, itazame tipu. Pale mpira ulipogusa pana doa dogo ambalo chaki imetoka au imebanwa. Hilo doa linakufundisha mambo mawili, ulipogusa na bega gani, na kama chaki yako inabaki au inaondoka yote. Tukija kulinganisha chaki tutalitumia hilo doa.

Inashika, lakini ikipita mpigo mmoja imeisha

Hapa sasa ndo tuongee aina za chaki, maana hii dalili kweli ni ya chaki.

Chaki za kawaida, zile za mche mraba unazozikuta kumbi nyingi duniani, mfano Master na Triangle za kampuni ya Tweeten ya Marekani, ni kavu na za unga. Zinapaka haraka, zinatoka haraka. Mpigo mmoja wa nguvu wenye spini nyingi na sehemu kubwa imeondoka. Hilo siyo kosa, ndivyo zilivyo, na ukiwa na tabia ya kupaka kila kabla ya mpigo hutaona tofauti yoyote na mwenye chaki ya gharama. Mimi kwa anayeanza namwambia abaki hapa, kwa sababu kupaka kila mpigo ni tabia ambayo ataihitaji popote, tena inampa sekunde za kufikiria mpigo.

Blue Diamond ya Longoni, ya Italia, iko hatua moja juu, unga wake ni laini zaidi na inakaa kidogo zaidi. Watu wengi wanaishia hapo na wanaridhika.

Halafu zile za kunata, kama Kamui ya Japani na Predator 1080. Hizi zinashika kwenye ngozi kwelikweli. Unaweza kupiga mipigo kadhaa bila kupaka na bado tipu ina rangi. Kwa mtu ambaye akiwa kwenye mchezo mkali anasahau kupaka, hizi zinamwokoa. Shida ni upande wa pili wa kunata: chaki inayonata kwenye tipu inanata pia kwenye mpira. Ukipaka nyingi, mweupe unajaa madoa yasiyotoka kwa kujiviringisha tu kwenye kitambaa, na hayo madoa yana athari zake, nazieleza chini. Kwa hiyo zitumie kwa uchache. Anayeipaka chaki ya kunata kama anavyopaka ile ya kawaida, kila mpigo na kwa nguvu, anapoteza hela na anachafua meza.

Na Taom ya Ufini, ambayo imeingia kwa kishindo zaidi kupitia wachezaji wa kulipwa wa snuka, mchezo ndugu wa pool, wengi wao walihamia huko. Hii lengo lake ni kuacha alama kidogo kwenye mpira ili kupunguza ile migongano mibaya. Inapaka safu nyembamba, na mtu aliyezoea kuona tipu yake bluu nene anadhani haijashika, anaongeza, anaharibu faida yote. Iamini safu nyembamba. Kama tipu yako ni ngumu na imefungika itakusumbua mwanzoni, ikwaruze kwanza.

Chaki hizi za juu bei yake inaruka mara nyingi ya ile ya kawaida, ila kipande kinadumu kwa sababu hupaki sana. Tatizo lake kubwa ni kwamba zinapotea, ukiiacha kwenye ukingo wa meza hutaikuta, kwa hiyo watu wanabeba kwenye kishikio cha sumaku kinachoning'inia mkandani.

Mipira imejaa madoa na kitambaa kimebadilika rangi

Angalia vitu viwili kabla ya kubadilisha chaki: unapaka kiasi gani, na unapaka wapi. Wapo wanaopakia juu ya meza, ule unga wote unashuka kwenye kitambaa. Toka pembeni ya meza. Chaki ukiiweka ukingoni, uso wenye unga uangalie juu, ukiugeuza chini unaacha mraba wa bluu na mtu anayefuata anaukusanya kwa mkono wa shati.

Rangi nayo ina maana. Chaki ifanane na kitambaa, kijani kwa kijani, bluu kwa bluu. Haibadilishi mpigo hata chembe, ila vumbi haliiti macho na meza inabaki ya heshima.

Kitambaa kisafishwe kwa brashi na mashine ya kunyonya vumbi, siyo kwa kitambaa cha maji, maana maji yanageuza unga kuwa tope na kulizamisha kwenye nyuzi. Mipira ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kidogo, isuuzwe, ikaushwe kwa kitambaa laini. Usitumie kitu cha kukwaruza. Kumbuka unga wa chaki ni jamii ya msasa, ukiuacha kwenye mipira inazidi kuchubuka kila inapogongana, na mpira uliochubuka unashika uchafu zaidi.

Mpira wa rangi unakataa kukatwa, unaenda mnene

Kukata ni kuugonga mpira wa rangi kwa pembeni ili uchepuke. Ulilenga vizuri, ulipiga vizuri, mpira umegoma kukatika, haukuchepuka vya kutosha, umegonga kingo kabla ya shimo. Hapa kuna sababu mbili zinazofanana kwa nje, na ukizichanganya utarekebisha kitu kisicho kibovu.

Ya kwanza ni ya kawaida kabisa. Mipira miwili ikigusana kuna msuguano kidogo kati yake, na huo unauvuta mpira wa rangi uelekee kule mweupe unakoenda. Unaonekana zaidi ukikata kama nusu mpira, yani mweupe unafunika nusu ya mpira wa rangi, kwa mwendo wa polepole, huku mweupe ukiwa unateleza bila kuviringika. Hii inatokea kila mara ukirudia mpigo uleule. Dawa yake ni kulenga wembamba zaidi, yani ugonge sehemu ndogo zaidi ya mpira, au kuongeza mwendo kidogo, au kuweka spini ya pembeni ya upande ule ambao mweupe utaelekea baada ya kugonga.

Ya pili ni ya chaki. Kwenye snuka wanaiita kiki. Doa la chaki kwenye mweupe, kwa bahati mbaya, limeangukia pale pale mipira inapogusana. Msuguano unapanda ghafla, mipira inang'ang'aniana kwa kitambo kidogo sana, mpira wa rangi unavutwa mbali na mstari na mara nyingi mweupe unaruka kidogo. Sikiliza: mgongano safi una mlio wa kioo, huu una mlio mzito, umezimika. Ukisikia mlio huo na kuona mweupe umeruka, ni doa.

Kutofautisha ni rahisi basi. Ikitokea kila mara kwenye mpigo uleule, rekebisha kulenga. Ikitokea mara moja moja bila mpangilio na mlio wake ni mzito, safisha mipira, punguza chaki, na kama bado inakukera na unacheza mashindano, hapo ndo chaki ya kuacha alama kidogo ina thamani yake halisi. Hii ndo sababu pekee ninayoikubali kwa moyo wote ya mtu kulipia chaki ghali.

Na kuna wanaofuta mweupe kila wakipewa mkononi baada ya faulo. Fanya hivyo, sheria inakuruhusu kuushika, uusugue kwa kitambaa kisafi kabla ya kuuweka.

Ukiweka spini ya pembeni mpira unatoka nje ya mstari

Fupi tu: hii siyo chaki. Ukipiga kulia, mweupe unaondoka ukiwa umesogea kushoto kidogo, na kiasi cha kusogea kinategemea uzito wa ile sehemu ya mbele ya fimbo. Ndo maana wanatengeneza fimbo zenye ncha nyepesi na za kaboni. Ukibadilisha chaki mwelekeo utabaki uleule.

Ukitaka kulinganisha chaki zako mwenyewe

Usilinganishe kwa kucheza gemu, maana ukishinda utasema ni chaki nzuri. Tengeneza tipu kwanza, mviringo na vinyweleo, halafu usiiguse tena mpaka umalize. Tumia mpira wa mkanda. Chagua mpigo mmoja wa kurudisha nyuma, umbali uleule, alama ya kugusa ndani kidogo ya ukingo wa mkanda. Paka chaki ya kwanza mara moja, piga, tazama doa kwenye tipu, tazama alama kwenye mpira, futa mpira, piga tena bila kupaka. Endelea mpaka uone ngozi tupu pale inapogusa, simama hapo, usisubiri kuteleza. Hesabu ulifika mipigo mingapi. Futa tipu kabisa kwa kitambaa kikavu, ikwaruze kidogo ili mabaki ya chaki ya kwanza yatoke, ingia chaki ya pili. Watu wanaruka hatua hii ya kufuta, wanapaka ya pili juu ya ya kwanza na wanachopima ni mchanganyiko.

Jambo la pili la kupima ni usafi. Paka kawaida, piga, uache mpira ujiviringishe meza nzima mpaka kingo na kurudi, uuokote. Je, alama bado ipo? Inafutika kwa kidole kikavu au inapaka? Inayobaki baada ya safari ya meza nzima ndo hiyo itakayokuletea kiki.

Ukiona chaki zote zinafika karibu mipigo ileile na zote zinatoka haraka, rudi kwenye tipu, maana inayoachia ni ngozi. Na kama tipu imekwaruzwa, ina mviringo, chaki imeenea, alama iko ndani ya mkanda, na bado unateleza mara kwa mara, ondoa macho kwenye chaki uangalie feruli kama imepasuka na maungio ya fimbo kama yamelegea. Kaza maungio kwanza, piga tena. Kama bado, peleka kwa fundi atoe tipu, asafishe uso wa feruli mpaka uwe sawa kabisa bila gundi ya zamani, abandike mpya, na aiache gundi ikauke vizuri kabla hujaipigia.